Tamasha Likifunga Virago, Kijijini Kunabaki Nini?

Miaka michache iliyopita nilikaa mkekani kwenye uwanja wa shule ya msingi, katika mji mdogo wa pwani ya Tanga, nikisubiri giza likolee filamu ianze. Jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya darasa, kitambaa cheupe kimefungwa kwenye goli la mpira. Watoto mbele, wanaume pembeni wameegemea pikipiki zao, kina mama nyuma kabisa na beseni la vitumbua. Filamu yenyewe ilikuwa nzuri, ya huko Afrika Magharibi. Watu walizungumza lugha yao na maandishi ya Kiingereza yakapita chini. Haikufika robo saa, watoto wakaanza kurushiana mchanga. Ndipo dereva mmoja wa bodaboda akasimama na kutafsiri kwa sauti. Kwa jinsi nilivyokuwa nasoma yale maandishi, nusu ya aliyoyasema ilitoka kwenye filamu, nusu ilitoka kichwani mwake. Lakini uwanja ulitulia kimya. Kijana mmoja wa waandaaji akamfuata, akamsihi akae asiharibu kazi ya msanii. Akakaa. Kina mama wakawa wa kwanza kuondoka.

Tamasha hilo sitalitaja, maana waandaaji wake walikuwa watu wema na waliojinyima. Ila tangu siku ile, nikisikia watu wanabishana kama matamasha madogo ya filamu huru yana faida kwa miji midogo na vijiji, akili yangu inaenda kwa yule dereva kabla ya kwenda kwenye hoja za fedha.

Hoja za fedha zipo, na si za kupuuza. Chukua Zanzibar. ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar, lililofanyika kwa mara ya kwanza 1998 na kujiita pia tamasha la nchi za jahazi, limefanya kuta za Ngome Kongwe kuwa ukumbi wa sinema chini ya nyota. Ukitoka mlangoni unavuka barabara tu, uko Forodhani, kwa muuza urojo na muuza juisi ya miwa. Wageni wanalala, wanakula, wanapanda teksi. Hapo lakini pana jambo ambalo wapigadebe wa utalii hawalisemi. Kwa miaka mingi tamasha hilo limeangukia Julai au karibu na hapo, wakati ambao nyumba za wageni za Mji Mkongwe zimeshajaa hata bila filamu. Mwenye shida ya wateja ana shida nao masika, Aprili na Mei. Na masika huwezi kuonyesha filamu uwanjani, mvua itakufukuza. Kwa hiyo anayetetea tamasha kwa sababu ya vitanda vya hoteli amechagua hoja dhaifu kuliko zote alizonazo.

Hoja yenye nguvu ni ya skrini yenyewe. Zanzibar ilikuwa na majumba ya sinema ambayo wazee bado wanayasimulia: Majestic, Empire, Cine Afrique. Watu walipanga foleni kwa filamu za Kihindi, na yalikuwepo maonyesho ya wanawake peke yao, ili mama na binti zake waende bila maneno. Majumba hayo yalikufa. Yaliyokuja baadaye ni vibanda umiza, vibanda vya kulipia kutazama video na mpira, na sote tunajua nani anakaa kwenye benchi la kibanda umiza siku ya mpira. Mwanamke wa kijijini hana nafasi pale. Kinachompa nafasi ya kutazama hadithi akiwa na jirani zake ni uwanja wa wazi, jioni, watoto wakiwa mapajani. Simu haifanyi kazi hiyo, hata kama kila nyumba inayo. Simu unaitazama peke yako, na kesho yake kisimani hamna cha kubishania. ZIFF waliliona hilo mapema, ndiyo maana wakawa wanapeleka maonyesho kwenye vijiji vya Unguja na Pemba badala ya kuyafungia ngomeni.

Wapinzani nao wana la kusema. Lile la "kijiji hakina maji, mnaleta sinema" sitalipa muda mrefu: mfadhili wa filamu akinyimwa filamu hatachimba kisima, atapeleka pesa yake mji mwingine. La filamu kuharibu maadili ni zito zaidi, hasa kwetu pwani, lakini dawa yake inajulikana. Kaa na sheha na walimu, onyesheni filamu kwanza kwa watu wazima wachache, kisha chagueni.

Linaloniuma ni la utegemezi. Sauti za Busara, tamasha la muziki lenye sifa hadi Ulaya, halikufanyika 2016 kwa kukosa fedha, likarudi 2017. Kama kubwa linaweza kuzimika hivyo, dogo la filamu limesimama juu ya nini? Na bajeti ikipungua, hafla ya ufunguzi haiguswi, kwa sababu ndiko mfadhili anakopigwa picha. Gari la kwenda vijijini ndilo la kwanza kukatwa.

Hata lisipokufa, linaweza kukua likahama. Park City, mji wa Utah huko Marekani wenye wakazi elfu nane na kitu, uliishi na Sundance, tamasha kubwa la filamu huru, kila Januari tangu 1981. Tamasha hilo sasa limeamua kuhamia Boulder, Colorado, kuanzia 2027. Mji uliofanya tamasha kuwa soko lake unabaki kutafuta soko lingine.

Kwa hiyo naegemea upande wa matamasha, kwa sharti moja, nalo ni lugha. Wanyarwanda walilishika hili vizuri. Tamasha lao la filamu, lililoanzishwa 2005 na Eric Kabera, lilibeba skrini ya kujaza upepo na kupanda nayo milimani, likionyesha filamu za Kinyarwanda kwa watu wa Kinyarwanda. Jina la utani likawa Hillywood. Sisi, kwa filamu za lugha za wengine, tunao ufundi wa kutafsiri filamu kwa mdomo. Lufufu, mtafsiri wa filamu aliyevuma Tanzania, alikaa juu ya filamu za nje kwa sauti yake, akamfanya shujaa wa Kichina azungumze kama mtu wa Manzese, Dar es Salaam, na kanda zake zikaenda hadi vijiji ambavyo hakuna tamasha lililowahi kufika. Yupo atakayemwona mharibifu. Mimi naona alikuwa ameshatatua tatizo ambalo waandaaji wetu bado wanazunguka nalo.

Najua msanii atalalamika. Amehangaika miaka mitatu na ukimya wa onyesho moja, kisha mtu na maikrofoni anaujaza maneno. Ana haki ya kulalamika, na filamu yake ionyeshwe vile alivyoitengeneza, ngomeni, kwa wanaosoma maandishi. Uwanjani ionyeshwe kwa utaratibu mwingine. Mkalimani atafutwe mwezi mmoja kabla, mtu wa pale pale, aitazame filamu mara tatu, azungumze na mtengenezaji hata kwa simu, alipwe posho kama anavyolipwa fundi wa jenereta. Na tamasha likiondoka limwachie projekta moja, hata ya zamani, na diski ya filamu zenye ruhusa ya kuonyeshwa bure. Ijumaa mbili baadaye twende tukaone kama goli bado limefungwa kitambaa.