Mionzi na kinga: kinachopigwa na kinachopona

Mgonjwa wa saratani akiambiwa ataanza mionzi, ndugu huuliza kama kinga yake haitaisha. Swali lina msingi. Limfosaiti, seli nyeupe za damu zinazobeba kinga, hazina ubavu mbele ya mionzi. Grei 2 (grei ni kipimo cha mionzi), dozi ya kawaida ya siku moja, zinatosha kuua nyingi. Faibroblasti, zile seli zinazosuka tishu inayoushikilia uvimbe, hazifi kirahisi. Zinazeeka zikiwa hai, zinaendelea kumwaga TGF-beta, protini inayochochea kovu, tishu inakakamaa na seli T, zile limfosaiti zinazoua seli za saratani, zinakosa pa kupenya. Makrofeji, seli walaji za kinga, nazo huja kusafisha mizoga ya seli, mara nyingi zikaishia kuulea uvimbe.

Lakini kuna jaribio la mwaka 1979 ambalo naona halitajwi inavyostahili. Helen Stone na wenzake walitafuta dozi inayoweza kuponya nusu ya panya wenye uvimbe. Kwa panya wenye kinga kamili ilikuwa grei 30. Kwa walioondolewa seli T, grei 64.5. Mionzi ile ile, uvimbe ule ule, dozi zaidi ya maradufu! Basi ushindi tuliouandika kwa jina la mashine, kinga ilikuwa na fungu lake kubwa.

Vipi? DNA ikikatika, vipande huvuja nje ya kiini, seli ikadhani imeingiliwa na kirusi, ikatoa interferoni, protini za kupiga mbiu ya hatari, nazo seli T zikaitika. Ila katika panya, dozi ya mara moja ikivuka grei 12 hadi 18, kimeng'enya TREX1 huvitafuna vipande hivyo na mwito unazimika. Kupiga kwa nguvu zaidi si kupiga vizuri zaidi.

Wenye shaka kama kinga na mionzi vinaweza kusaidiana hutaja jaribio la JAVELIN Head and Neck 100: avelumab, dawa ya kuamsha kinga, iliongezwa kwenye kemo na mionzi ya saratani za kichwa na shingo, haikuleta nafuu. Ni kweli. Lakini katika tiba hiyo hupigwa hata tezi za limfu zisizoonyesha saratani, na humo ndimo seli T zinamofundwa. (Kuziacha nako kuna hatari, saratani hujificha humo.)

Hoja yangu hii ya tezi ina mwiba mmoja, jaribio la KEYNOTE-A18. Wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi walipigwa mionzi ya nyonga, tezi zikiwemo, wakipewa pembrolizumab, nayo dawa ya kuamsha kinga, papo hapo. Baada ya miaka 3 walikuwa hai asilimia 82.6, dhidi ya 74.8 waliokosa dawa hiyo. Kwa hiyo tezi peke yake hazielezi kilichotokea shingoni.