Ramani Ile ni ya Saa Ngapi?

Baraza lilikuwa kwenye uwanja wa shule, chini ya mwarobaini, na mtaalamu wa mazingira alikuja na ramani kubwa ya rangi, inayoonesha moshi unafika wapi na kwa wingi gani. Katikati palikuwa na tanuri la chokaa ambalo mwenyewe anataka kulipanua. Kulizunguka, wekundu kidogo, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano, na juu ya mapaa yetu kijani kilichopauka. Kijani maana yake hatuna neno. Bibi mmoja, jirani yangu, akanyoosha mkono. "Mwanangu, rangi hiyo ni ya saa ngapi? Maana mimi moshi hunijia alfajiri, nikitia udhu." Kijana akamjibu kwa adabu: ni wastani wa mwaka mzima, bibi. Watu wakacheka. Mimi nafundisha fizikia, na kati ya maswali yote ya siku ile, lile ndilo pekee ambalo ningempa alama.

Nisimwonee yule kijana, hesabu yake ni ya heshima. Moshi ukitoka kwenye dohani hupanda kwanza kwa joto lake, kisha hulala ukafuata upepo, na kadiri unavyokwenda ndivyo unavyotanuka. Ungeweza kuukata kama mkate wa boflo, ungekuta katikati mzito na pembeni mwepesi, umbo lile lile la kengele tunalochora ubaoni tukifundisha takwimu. Kinachotakiwa ni kujua gramu ngapi zinatoka kila sekunde, dohani ina urefu gani, upepo una kasi gani, na hewa imetulia au inapinduka. Hilo la mwisho ndilo gumu. Mwaka 1961 Mwingereza Frank Pasquill alilirahisisha kwa madaraja sita, A hadi F, unayoyachagua kwa kutazama tu jua, mawingu na kasi ya upepo. A ni adhuhuri ya jua kali na upepo hafifu, hewa inatokota kama maji ya ugali. F ni usiku wa nyota ambapo hata jani la mnazi halichezi sana. Programu za sasa za kompyuta za kukadiria moshi, kama AERMOD iliyofanywa rasmi Marekani mwaka 2005, zimeziacha herufi hizo na kupima mtikisiko wa hewa kwa njia nzuri zaidi, lakini kiini cha hesabu ni kile kile.

Sasa tazama inapokwama. Kasi ya upepo inakaa chini ya mstari wa kugawanya. Upepo ukiongezeka maradufu, moshi unaokufikia, mengine yakibaki vile vile, unapungua nusu. Upepo ukikaribia sifuri, jibu linapaa kusikojulikana. Dawa iliyopatikana ni nyepesi mno: saa isiyo na upepo programu inairuka. Haihesabiwi.

Hapa pwani nani asiyezijua saa hizo? Kusi ikivuma mwezi wa saba, moshi wa tanuri unapita mbio, ukikupitia umekupitia. Lakini tangambili inapofika, kusi imechoka na kaskazi haijaja, ngalawa zinasubiri na matanga yanalegea, moshi hauna pa kwenda. Na usiku ni mbaya zaidi. Ardhi inapoa, hewa iliyoigusa inapoa nayo, na juu yake inabaki hewa ya uvuguvugu iliyotufunika kama kawa juu ya sinia. Chochote kinachofukiza chini ya kawa hilo, dohani fupi, jaa la taka, tanuri la mkaa, kinabaki na sisi mpaka jua litoke. Ndizo saa za udhu wa yule bibi. Ndizo pia saa zinazorukwa.

Dohani ndefu nazo zina visa vyao, na kilichowafumbua macho watu wa fani hii kilitokea mbali na bahari, kwenye bonde la mto Columbia. Kiwanda cha kuyeyusha risasi na zinki mjini Trail, Kanada, kilikuwa kikitoa gesi ya salfa, na mazao ya wakulima ng'ambo ya mpaka, jimbo la Washington, yakaharibika. Nchi hizo mbili zikafika kwa wasuluhishi, waliotoa uamuzi mwaka 1938 na wa mwisho mwaka 1941. Wapimaji waligundua jambo geni: moshi haukutembea kituo hadi kituo kama matatu. Zilikuwapo asubuhi ambapo gesi ilishuka karibu wakati mmoja katika sehemu nyingi za bonde, zilizo mbali na zilizo karibu. Usiku kucha ilikuwa imetandazwa juu, imekalia hewa baridi. Jua lilipopasha ardhi na hewa kuanza kupinduka, ikavutwa chini yote. Basi wasuluhishi wakaamuru kiwango cha gesi kinachoruhusiwa kibadilike kufuatana na upepo na mtikisiko wa hewa. Mwaka 1941, jamani, hukumu ilishafikiria kwa saa. Sisi bado tunaoneshwa wastani wa mwaka.

Mwishoni mwa baraza mwenye tanuri alisimama akaahidi kurefusha dohani. Akapigiwa makofi, na mimi sikupiga. Ni kweli ukiurefusha mara mbili urefu ambao moshi unafikia, kile kilele cha moshi ardhini kinashuka hadi karibu robo. Lakini gramu ni zile zile, na kilele chenyewe kinahamia mbele zaidi, kwa watu ambao hawakuitwa chini ya mwarobaini wetu. Chujio la vumbi ni ghali kuliko matofali, ndiyo sababu hakulitaja.

Na upepo uliotumika ulipimwa uwanja wa ndege. Ni kipimo kizuri cha mahali wazi palipo tambarare. Sisi tuko kando ya mkono wa bahari, kati ya mikoko na kilima, ambako mchana upepo unatoka majini na usiku unageuka kutoka bara. Mvuvi yeyote wa hapa angemweleza mtaalamu jambo hilo bure, kwa kikombe cha kahawa. Ziko hesabu za aina nyingine, zinazoufuata moshi kama mafungu mafungu yanayoelea na kugeuka na upepo, nazo hazikwami hewa ikitulia. Zinataka kazi zaidi na takwimu zaidi, basi.

Nakala ya ripoti ilipowekwa ofisi ya chifu nilikwenda kuisoma. Kwenye kiambatisho, chini ya jedwali, palikuwa na mstari mmoja wa herufi ndogo: saa za utulivu hazikujumuishwa. Jioni nikampitia bibi barazani kwake, nikamsomea.

"Zilikuwa saa ngapi, mwalimu?"

Haikuandikwa.