Mbia asiyesimamia biashara: kinga yake inaishia wapi?

Katika ubia wenye ukomo wa dhima, mbia mkuu huendesha biashara na hudaiwa mpaka mali yake binafsi. Mwekezaji hutoa mtaji, na hasara yake huishia hapo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1907 inampa kinga hiyo kwa sharti: asishiriki kuisimamia biashara. Akishiriki, anabeba madeni yote yaliyoingiwa katika kipindi hicho kama mbia mkuu.

Sharti hili lina mantiki. Katika kesi moja ya California iliyoamuliwa 1948, ubia wa kilimo ulikuwa na hundi zinazohitaji saini mbili kati ya tatu. Wawekezaji wawili waliweza kutoa fedha bila mbia mkuu, naye hakuweza kutoa chochote bila mmoja wao. Walimpinga hata kuhusu mazao ya kupanda, kisha wakamtaka ajiuzulu usimamizi. Biashara ilipofilisika mahakama iliwahesabu kuwa wabia wakuu. Ni vigumu kuwahurumia.

Tatizo ni pale mbia mkuu anapokuwa kampuni, na wawekezaji wale wale ndio maofisa wake. Mahakama ya Juu ya Texas, mwaka 1975, ilisema watu hao wanaweza kudaiwa binafsi. Miaka miwili baadaye ile ya jimbo la Washington ilikataa: mdai alijua tangu mwanzo kwamba anafanya biashara na kampuni, na angetaka dhamana zaidi angeiomba.

Jimbo la Delaware, nalo la Marekani, limefuata mantiki hiyo ya pili: mwekezaji aliyeingilia usimamizi hudaiwa tu na yule ambaye, kwa mwenendo wa mwekezaji huyo, aliamini kwa sababu za msingi kwamba ni mbia mkuu. Sheria ya mfano ya Marekani ya 2001, yaani rasimu ambayo kila jimbo huamua kuipitisha au la, iliondoa sharti lote. Uingereza ililibakiza, ila tangu 2017 mifuko binafsi ya uwekezaji iliyosajiliwa hivyo ina orodha ya mambo yasiyohesabiwa kuwa usimamizi, kama kumshauri mbia mkuu au kuidhinisha hesabu.

Kwa maoni yangu njia ya Delaware ni ya haki zaidi kwa mikopo na mauzo. Lakini aliyegongwa na lori la ubia hakumwamini mtu yeyote kabla ya kugongwa, hivyo haimsaidii kitu. Watetezi wa njia hiyo hulipita jambo hili haraka mno.

Hata hivyo, wengi huumia kwa fedha walizorudishiwa, si kwa kuingilia usimamizi. Chini ya sheria ya 1907, mwekezaji akirudishiwa mtaji ubia ukiendelea, anadaiwa hadi kiasi hicho, ingawa tangu 2017 mifuko binafsi iliyosajiliwa hivyo imelegezewa kanuni hii. Ndiyo maana mifuko ilizoea kugawa pauni 100,000 kuwa pauni 10 za mtaji na 99,990 za mkopo kwa ubia. Mkopo ukilipwa, kanuni hiyo haiugusi. Huko Delaware, aliyepokea mgao akijua kwamba unaacha madeni makubwa kuliko mali anaweza kutakiwa kuurudisha ndani ya miaka 3, na mkataba wa ubia unaweza kuweka masharti yake ya kurejesha.

Kabla ya kutuma fedha, omba cheti cha usajili: bila usajili, sheria ya 1907 inakuhesabu mbia mkuu hata kama hujawahi kusaini hundi. Angalia pia kiasi ulichoahidi ambacho bado hujatakiwa kukilipa. Ubia ukifilisika, mfilisi anaweza kukidai chote.