Dawa mbili kwa ngozi moja

Shemeji yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, Mbagala. Kwa miaka mitatu alikuwa na mabaka manene viwikoni, magotini na kichwani, yenye magamba meupe yanayopukutika hadi kwenye kola ya shati. Kwa miaka hiyo mitatu jibu la duka la dawa lilikuwa lile lile: tyubu ya krimu yenye dawa tatu ndani yake, steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), dawa ya fangasi na dawa ya bakteria. Hakuwahi kuuliza kwa nini tatu. Mwaka jana alipofika kliniki ya ngozi, daktari akamwambia ni soriasisi, akamwandikia marhamu yenye dawa mbili pamoja na vidonge vya methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Hapo ndipo alipostuka. "Shem, wananichanganyia madawa," aliniambia kwenye simu. "Zikinidhuru watajuaje ni ipi?"

Swali hilo lina uzito, na wapo madaktari wanaoliuliza vile vile. Kinachonishangaza ni kwamba halikumjia alipokuwa dukani.

Tuanze na kwa nini alipotea njia miaka yote hiyo. Picha nyingi za soriasisi zimepigwa kwenye ngozi nyeupe, ambako baka ni jekundu kabisa. Kwa mtu mweusi wekundu huo hauonekani hivyo. Baka huwa la zambarau, la kijivu au la kahawia iliyoiva, na aliyezoea kutafuta wekundu hulipita. Kwa hiyo huitwa fangasi, huitwa mba, au hutupwa kwenye kapu la "pumu ya ngozi", ambalo limebeba ukurutu na kila kitu kingine kinachowasha. Dalili zingine zipo wazi ukiziangalia kwa karibu. Kucha za shemeji zina vishimo vidogo kama zilizodonolewa kwa ncha ya sindano. Na mikononi, pale cheche za kuchomelea zinapomdondokea, kila alama ya moto ilizaa baka jipya baada ya wiki mbili hivi. Jambo hilo lilielezwa na daktari Mjerumani, Heinrich Köbner, katika karne ya 19, na hadi leo linabeba jina lake: ngozi ya mwenye soriasisi ikijeruhiwa, ugonjwa hufuata jeraha.

Sasa turudi kwenye hofu yake. Wanaoshauri dawa moja moja wana hoja ambayo siwezi kuipuuza. Ukianza na moja unajua kilichosaidia na kilichodhuru. Mgonjwa mwenye kitu kimoja cha kukumbuka hukikumbuka. Bei nayo ipo, na huku kwetu wengi hulipa kutoka mfukoni. Mfamasia mmoja ninayemheshimu huniambia kwamba dawa ya tatu kwenye cheti mara nyingi ni dalili kwamba daktari hakusubiri ya kwanza ifanye kazi. Ukweli huo upo.

Ila soriasisi ina tabia yake. Kwa kawaida seli za ngozi huchukua karibu mwezi kupanda kutoka chini hadi juu. Kwenye baka la soriasisi huchukua siku chache, kwa sababu kinga ya mwili inazisukuma. Huo ni moto unaowaka pande mbili, na dawa tulizonazo, kila moja ina udhaifu wake. Steroidi ya kupaka huzima haraka, lakini ikitumika wiki nyingi mfululizo hufanya ngozi nyembamba na kuacha michirizi. Kalsipotrioli, iliyo ya jamii ya vitamini D, haichakazi ngozi namna hiyo, ila inachelewa na wengine huwawasha. Ukiziweke pamoja katika marhamu moja, steroidi hutuliza muwasho wa mwenzake, kisha kalsipotrioli inaruhusu steroidi ipunguzwe mapema. Mtu akisikia mchanganyiko husikia kujumlisha, lakini hapa hesabu ni ya kutoa. Asitretini, dawa ya jamii ya vitamini A, ikinywewa pamoja na tiba ya mwanga, mgonjwa huhitaji mionzi kidogo zaidi. Methotreksati nayo huchukua wiki kadhaa kabla haijaonyesha kitu, na marhamu humshika mkono mgonjwa katika wiki hizo, asije akakata tamaa akarudi dukani.

Wala si mtindo wa juzi. William Goeckerman wa Mayo Clinic, Minnesota, aliandika mwaka 1925 kuhusu kupaka lami ya makaa ya mawe kisha kummulika mgonjwa kwa mionzi ya urujuanimno. Karibu miaka mia sasa. (Shemeji aliposikia habari za mwanga alicheka, akasema yeye humulikwa kazini kila siku. Hapana. Ule wa kuchomelea unaunguza ngozi na macho. Wa kliniki ni wa wimbi jembamba, nanomita 311 hivi, na hupimwa kwa sekunde.)

Tena dawa moja ikitumika vibaya inaweza kuwa mbaya kuliko mbili zilizopangwa. Mfano ni prednisoloni ya vidonge au sindano ya steroidi, ambayo baadhi ya wauzaji huitoa ili mteja aone matokeo haraka. Ngozi husafika kwa wiki, kisha dawa ikikatishwa ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo, mwili mzima ukiwaka au ukijaa vijipu vya usaha. Mgonjwa wa namna hiyo hulazwa.

Kuna michanganyiko ambayo hata mimi naikataa. Asidi salisili inalainisha magamba vizuri, lakini ukiipaka pamoja na kalsipotrioli inaiharibu, fedha imekwenda bure. Ule mzito zaidi unatuhusu sana sisi: methotreksati na Septrini, ile dawa ya bakteria. Zote mbili zinabana njia ya foliki mwilini, vitamini inayohitajika kutengeneza damu, na kwa pamoja zinaweza kuzima uboho wa mifupa, damu ikaacha kutengenezwa. Watu wengi wanaoishi na VVU hupewa Septrini kama kinga, na soriasisi inayolipuka ghafla kwa nguvu ni mojawapo ya sababu za daktari kupendekeza kipimo cha VVU. Wagonjwa wa makundi haya mawili hukutana kwenye mlango mmoja. Kwa hiyo swali la "unatumia dawa gani nyingine?" halipaswi kuulizwa kwa haraka haraka.

Lakini kinachonikosesha usingizi kuhusu methotreksati hakihusu mchanganyiko hata kidogo. Ni neno moja: wiki. Dawa hii kwa soriasisi hunywewa mara moja kwa wiki. Shemeji aliandikiwa vidonge sita vya miligramu 2.5, jumla miligramu 15, siku moja tu katika saba. Sasa fikiria bahasha ya duka la dawa. Tumezoea "1x3", "2x2", na kila Mtanzania anajua maana yake ni kwa siku. Ukiandika "6x1", mtu atakunywa sita kila siku, na ndani ya siku chache vidonda vya mdomoni vitaanza, kisha damu itashuka. Uingereza, nchi yenye wafamasia kila kona, mamlaka ya usalama wa wagonjwa ilihesabu vifo 25 vilivyohusishwa na methotreksati ya vidonge katika miaka kumi, kabla ya kutoa maelekezo mapya mwaka 2004. Huku kwetu bahasha yenyewe mara nyingine imeandikwa kwa kalamu inayofutika kwa jasho.

Kwa hiyo nilimpa kanuni yangu. Foliki, ile miligramu 5 ya kulinda mwili dhidi ya madhara ya methotreksati, ni ya Jumatano: tano kwa tano. Methotreksati ni Jumapili, siku asiyofungua karakana. Ameandika kwa chaki ukutani juu ya mtungi wa gesi. Kipimo cha damu, ini na figo kinafanywa kwa ratiba, bia ameacha (analalamika), na kwa kuwa dawa hii haipatani na mimba, yeye na dada yangu wamekubaliana kuhusu uzazi wa mpango kabla hajaanza.

Je, angeweza kupata nafuu kwa marhamu peke yake? Kama ni viwiko tu, ndiyo, ningekuwa upande wa mfamasia wangu. Vidole vyake vilikuwa vinakakamaa asubuhi hadi hashiki koleo, na hicho ndicho kilichoamua. Inakadiriwa hadi wagonjwa 30 kati ya 100 wa soriasisi hupata ugonjwa wa viungo, na kiungo kikishaharibika hakirudi. Marhamu haifiki huko.

Juzi alinitumia picha ya kiwiko. Magamba hayapo, ngozi imelala, limebaki doa jeusi lililo laini. Anauliza kama pale dukani wana krimu ya kuling'arisha. Nimempigia hapo hapo.