Leo ni siku ya kifua

Kwa Kiswahili chetu kifua kina kazi nyingi mno. Ukisikia jirani "ana kifua", usiulize ananyanyua kilo ngapi, ujue anakohoa. Asiyeweza kutunza siri tunasema hana kifua. Na kule gym ya uswahilini kwetu Tandika, Dar es Salaam, vijana wakisema "leo siku ya kifua", wanalala kwenye benchi wanasukuma vyuma mpaka vifungo vya shati vigome kufungwa. Mimi nimo kotekote: nina kifua, na kila Jumatatu na Alhamisi nafanya kifua. Siri za watu nazo natunza, ila hiyo ni habari nyingine.

Nilifanya useremala Keko kwa zaidi ya miaka 20, nikila vumbi la mninga na mkongo. Barakoa hatukuvaa, ukivaa, wenzako wanakuuliza unaumwa nini. Mwaka 2017 nikakutwa na TB. Nilimeza dawa miezi 6 bila kuruka siku, makohozi yakapimwa, wadudu hawakuonekana tena, nikaambiwa nimepona. Na kweli nilipona, sibishani na maabara. Ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba wadudu wakiondoka hawafukii mashimo waliyochimba. Miezi kadhaa baadaye, kutoka nyumbani hadi kituo cha daladala nilikuwa nasimama mara mbili, nikijifanya naangalia simu.

Nikarudi hospitali nikidhani TB imerudi. Haikuwa imerudi. Nikapulizishwa kwenye mashine ya kupima mapafu, ikaonekana kwamba kwa ile sekunde ya kwanza natoa asilimia 48 tu ya pumzi anayotakiwa kutoa mtu wa umri na kimo changu. Ugonjwa sugu wa mapafu. Daktari akanipa pampu ya kuvuta dawa kwa mdomo, na ushauri wa neno moja: pumzika.

Ugomvi wangu uko kwenye hilo neno.

Pumzika ni neno la upendo, ndiyo maana kulikataa ni kazi. Mke wangu akaanza kuninyang'anya ndoo: "Baba Zuhura, weka chini, watoto wapo." Watoto nao wakanunua kiti cha plastiki chenye mikono, wakakiweka barazani. Jirani akipita: "Shikamoo mzee, kaa tu, usinyanyuke." Basi sikunyanyuka, miaka 2. Mwishowe hata nikitaka, kunyanyuka kwenyewe kukawa shughuli. Nashika mikono ya kiti, najipa moyo, nahesabu hadi tatu, ndipo nasimama, na nikishasimama nahema kama niliyetoka kubeba kabati la milango mitatu. Mapaja yalikwisha. Suruali nilizoshonesha nikiwa seremala zilikuwa zinanivaa badala ya mimi kuzivaa.

Miaka hiyo yote nilikuwa nalaumu mapafu. Kumbe mapafu yalikuwa yaleyale ya mwaka uliotangulia; kilichokuwa kinakufa ni miguu. Msuli usiotumika husinyaa, na uliosinyaa huchoka upesi na kutengeneza asidi mapema. Asidi ikijaa, mwili unadai pumzi zaidi ili uitoe, na pumzi ndiyo hiyo ambayo huna. Unahema, unaogopa, unakaa. Ukikaa, msuli unapungua tena. Mwezi ujao utahema kwa kazi ndogo zaidi, na watu watakwambia ugonjwa umepanda.

Aliyenitoa kwenye kiti ni dada mmoja wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, umri wa binti yangu. Alibandika tepe mbili kwenye korido, kati yake mita 30, akaniambia nitembee kwenda na kurudi kwa dakika 6, nikichoka nisimame, saa haisimami. Nikapata mita 270, nikiwa nimesimama mara mbili na safari hii sikuwa na simu ya kuangalia. Akaandika, kisha akasema: "Baba, mapafu siwezi kukurudishia. Miguu naweza." Baada ya wiki 12 tulirudia nikafika 345, bila kusimama. Kwenye kipimo kile, ongezeko la mita 30 hivi ndilo mgonjwa huanza kulihisi mwilini. Nikapuliza na ile mashine tena kwa hamu kubwa. Asilimia 48. Ileile! Nilikata tamaa kwa kama nusu dakika, halafu nikakumbuka kwamba siku hiyo nilitoka kituoni hadi pale bila kusimama.

Shida ikawa nauli, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, mara mbili kwa wiki. Yule dada mwenyewe ndiye aliyeniuliza kama mtaani kwetu hakuna gym.

Ipo. Ni bati nne, benchi la mbao (baya, miguu yake haijapigwa hata msasa) na vyuma vya zege. Ambaye hajawahi kuviona: unachukua kopo tupu, unajaza zege, unasimamisha kipande cha bomba katikati, likikauka unageuza na kufanya vilevile upande wa pili. Makopo ya nyanya, kila upande moja, yanakupa dambeli ya kilo 2 hivi. Makopo ya maziwa ya unga yanakupa kilo 6. Ya rangi ya lita 4 ni ya wenye shingo nene. Kiingilio shilingi 500, na Kocha, ambaye ndiye mwenye gym, hanidai nikiwa nimepungukiwa.

Siku ya kwanza vijana walinyamaza wote. Mzee mwembamba, kikohozi mkononi, pampu mfukoni. Mmoja akanivuta pembeni: "Mzee wangu, si ungeanza na jogging kwanza, upate pumzi?" Ushauri wa moyo safi, lakini kwangu ni kinyume kabisa. Vile vikundi vya jogging vya Jumamosi alfajiri nawapenda, nyimbo zao ndizo zinazoniamsha, lakini mtu anayekimbia huku anaimba ana mapafu ya kugawa sadaka. Kukimbia kunatumia misuli mingi kwa pamoja bila kituo, mapafu yanadaiwa mfululizo. Chuma hakina haraka. Unanyanyua mara 8 au 10, kwa msuli mmoja mmoja, unaweka chini, unakaa mpaka pumzi irudi, ndiyo unaanza tena. Msuli unafanya kazi ya kweli, na mapafu hayapelekwi mbio kiasi kile. Kwa mwenye kifua, chuma ni rafiki mpole kuliko raba za kukimbilia. Kutembea natembea pia, kila siku, lakini kutembea bila nguvu za mapaja nilishakujaribu.

Namna ninavyofanya ni ya kizee. Robo saa kabla ya kuanza navuta pampu. Nikinyanyua natoa pumzi, nikishusha navuta; vijana wanabana pumzi mpaka macho yanataka kutoka, mimi nikibana nimekwisha. Kutoa pumzi ni kwa midomo iliyofumbwa kidogo, taratibu, kama unapuliza uji wa mtoto usimuunguze. Si mbwembwe. Mapafu yetu yana tabia ya kuvuta hewa mpya kabla ya zamani haijatoka, yanajaa mpaka unahisi umefungwa kamba, na huko kupuliza polepole kunaacha njia wazi ya hewa kuukuu kutoka. Nikizidiwa nainama mbele, mikono juu ya magoti, nasubiri. Zoezi ninaloliheshimu kuliko yote halina chuma: kukaa na kusimama kwenye kile kiti changu cha plastiki, mikono imekunjwa kifuani. Nilianza na mara 4. Sasa 15, mizunguko mitatu.

Kuhema kwenyewe najipimia kwa namba, sifuri hadi 10. Nikifika 4 au 5 nipo kazini. Nikivuka 6 napunguza. Kile kibao cha Kocha kilichoandikwa MAUMIVU NDIYO RAFIKI nimemwomba akigeuze nikiwapo, kwa sababu kifua kikibana, kichwa kikizunguka, au nikitema damu, huyo si rafiki, hapo ni hospitali. Makohozi yakibadilika rangi au mwili ukiwa na homa, siendi. Na anayetumia dawa za TB sasa hivi amalize kwanza hatua ya kuambukiza, asiende kuwakoholea watoto wa watu chini ya bati. Kuanzia Januari hadi Machi, joto likiwa la kukamua nguo, nakwenda saa 12 na nusu asubuhi, kabla jirani hajachoma takataka zake.

Ninachotaka kusema ni hiki, na wauguzi wanisamehe. Miongozo ya dunia ya kutibu ugonjwa sugu wa mapafu inaweka mazoezi tiba pamoja na dawa, tena wiki 6 hadi 12 za kusimamiwa, na wanaoyafanya wanahema kidogo na kurudi wodini mara chache. Sisi huku siku ya mwisho ya vidonge vya TB mgonjwa anapigwa mihuri, anapewa pole na hongera, anakwenda nyumbani kukaa. Hakuna anayemtembeza dakika 6. Hakuna anayemuuliza kama anaweza kusimama bila kushika. Hilo halihitaji mashine ya mamilioni, linahitaji korido, tepe na saa. Pampu ninaishukuru, lakini pampu inafungua njia ya hewa tu, haiwezi kukunyanyua kitini. Na kina mama waliokaa miaka 30 juu ya moshi wa kuni na mkaa, wanaohema kuliko mimi, hata gym ya zege hawana. Nani atamwona mama mtu mzima chini ya bati la vijana asiseme? Dumu la lita 5 lililojaa maji ni kilo 5. Kilo moja ya sukari ni kilo moja. Kiti kila nyumba kipo.

Mke wangu alichukua muda. Mwanzoni alikuwa ananifuata mpaka mlangoni pa gym, anasimama kama anayesubiri maiti. Siku moja maji yalikatika, akaenda kwa jirani na ndoo mbili, nikaenda naye. Aliniachia ndogo, ya lita 10, hakusema kitu, akatembea polepole makusudi.

Juzi Kocha alinikuta natoka kwenye kilo 6 bila jasho la maana, akasema nimeshazizoea. Akatafuta makopo makubwa kidogo, akachanganya zege, akajaza, na kabla halijashika akachukua msumari akaandika juu yake: MZEE 8. Kasema nisiliguse mpaka wiki iishe. Jana nilipita, nikaligusa kwa kidole. Bado bichi.