Tingatinga: picha zilezile, bei mbili

Edward Saidi Tingatinga alichora kwa takriban miaka minne tu. Alianza Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi za kupakia baiskeli na vipande vya hadibodi, na mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Picha alizozichora kwa mkono wake zikifika mnadani Ulaya huweza kuuzwa kwa maelfu ya dola. Pale Oysterbay, Dar es Salaam, karibu na Morogoro Stores, wachoraji waliorithi mtindo wake huuza chui na twiga wao kwa makumi ya maelfu ya shilingi, tena baada ya mteja kuomba apunguziwe.

Wako wanaoona tofauti hiyo ni halali. Tingatinga ndiye mwanzilishi, na idadi ya kazi zake haitaongezeka tena, ilhali mchoraji aliye hai anaweza kuchora nyingine kesho. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini uchache peke yake hauelezi kila kitu. Mnamo Novemba 2024, huko New York, ndizi iliyobandikwa ukutani kwa utepe, kazi ya Maurizio Cattelan, iliuzwa kwa dola milioni 6.2. Ndizi zimejaa kila genge. Alichopata mnunuzi ni cheti na maelekezo ya namna ya kuibandika. Kumbe soko lile hulipia pia kumbukumbu inayothibitisha kazi ni ya nani.

Kumbukumbu hiyo ndiyo tunayoikosa, na wingi unaiumiza zaidi. Mchoraji huanza na mandhari ya nyuma, rangi ikififia taratibu kutoka nyekundu hadi njano, huiacha ikauke, ndipo huweka mnyama na madoa yake moja moja. Ni kazi ya subira. Mtalii akiisifu picha hiyo, kisha akaona twiga wa aina hiyo hiyo kwenye kibanda cha jirani, mwenye picha hana la kujitetea.

Je, basi kunakiliana kupigwe marufuku? Nalipinga hilo kabisa. Baada ya kifo cha Tingatinga, ndugu na wanafunzi wake waliendelea kuchora kwa kuigana, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika. Kuiga ndiko kulikowafundisha vijana kazi na kulisha familia zao. Kila mmoja angefungia chui wake kabatini, mtindo huu ungezikwa pamoja na mwanzilishi wake. Isitoshe, siku hizi programu ya kompyuta inatoa picha ya mtindo huo kwa sekunde chache, na hakuna marufuku ya Oysterbay itakayoizuia.

Kinachofaa kulindwa ni jina la aliyechora. Kila picha iwe na namba, tarehe na jina, na daftari litunzwe na ushirika, kwa sababu sahihi iliyo mbele ya picha hughushiwa kirahisi.

Kuna pia haki ya msanii kupata sehemu ya fedha kazi yake inapouzwa tena. Ufaransa iliiweka kisheria mwaka 1920, na Kenya iliiingiza katika sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019 kwa kiwango cha asilimia 5. Wapinzani husema inawanufaisha zaidi warithi wa wasanii waliokwisha kuwa maarufu, na kwa kiasi kikubwa ni kweli: anayeuza kwa shilingi elfu thelathini leo hatarajii mnada kesho. Hata hivyo, Umoja wa Ulaya huwapa haki hiyo wasanii wa kigeni na warithi wao pale tu nchi yao inapotoa haki hiyo hiyo kwa wasanii wa Ulaya. Nchi isiyokuwa na sheria hiyo inawafungia wasanii wake mlango huko, hata picha ziuzwe kwa bei gani. Ningeanza na daftari, maana halihitaji bunge, na bila hilo hata sheria nzuri haitajua imlipe nani.