Watoto wa Dodoma na gemu za kuuana: hofu ni ya haki, ila imelenga pembeni

Kila shule zinapofungwa, vibanda vya gemu vya Chang'ombe, Nkuhungu, Majengo na Kizota hujaa watoto tangu asubuhi. Malalamiko nayo hayachelewi. Wazazi wanamwomba mwenyekiti wa mtaa avifunge, wenye vibanda wanajibu kwamba wanatafuta riziki kama muuza chipsi wa jirani, na mtoto anayekutwa ndani anatolewa kwa kofi. Hoja ya wazazi inaeleweka: mtoto anayeshinda akiwapiga watu risasi kwenye skrini na kuwagonga kwa gari la wizi atazoea damu, na akishazoea atakuwa mkatili. Wanaoipuuza hoja hii, kwa ninavyowasikia, wengi hawajawahi kukaa kibandani nusu saa wakaona mtoto wa miaka minane anacheza nini.

Tuanze na kilichomo humo. Kinachochezwa zaidi ni mpira. Wawili wanashika padi, wengine wanasubiri wameegemea ukuta, aliyefungwa anampisha anayefuata, na sarafu ya 200 au 500 inapokelewa mlangoni. Kelele anazosikia mpita njia ni za bao la dakika za mwisho. Lakini vibanda vingi vina runinga ya pili, na hiyo ndiyo huwa na Grand Theft Auto (GTA), aghalabu toleo la San Andreas la mwaka 2004. Wadogo hujazana hapo. Ulaya ina mfumo wa kupanga gemu kwa umri uitwao PEGI, ulioanza mwaka 2003, na toleo la tano la gemu hiyo, lililotoka 2013, lilipewa alama ya 18, daraja la juu kuliko yote. Alama hiyo huchapwa kwenye jalada. Kibandani jalada halipo, kuna diski ya kunakili au gemu iliyopakiwa ndani ya mashine, kwa hiyo onyo liliandikwa na halikufika. Mtoto wa darasa la tatu anampora mtu gari, anamuua mpita njia, anaokota fedha za marehemu na kuendelea. Mchezo unamlipa kwa alichofanya. Mzazi anayeshtuka kuona hayo ana akili timamu.

Swali gumu ni moja: je, mtoto huyo akitoka nje atafanya hivyo?

Wanaosema ndiyo wana ushahidi. Mwaka 1961 mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwachukua watoto wadogo 72, akawaonyesha baadhi yao mtu mzima akimpiga mwanasesere wa plastiki, kisha akawaacha na mwanasesere yule yule. Waliouona mfano ule waliuiga, hata kwa maneno. Gemu zilipoenea, wengine wakaendeleza fikra hiyo. Mwaka 2010 Craig Anderson na wenzake walikusanya tafiti zenye washiriki zaidi ya 130,000 kutoka nchi za Magharibi na Japani, wakasema gemu za ukatili huongeza uchokozi na kupunguza huruma. Mwaka 2018 kundi jingine lilipitia tafiti 24 zilizowafuatilia watoto na vijana zaidi ya 17,000 kwa muda, likakuta waliocheza sana gemu hizo walikuwa na uelekeo mkubwa kidogo wa kugombana na wenzao baadaye. Nasisitiza neno "kidogo", kwa sababu wenyewe walilisisitiza.

Upande wa pili haukukaa kimya. Mwaka 2019 Andrew Przybylski wa Oxford na Netta Weinstein walichapisha utafiti wa vijana wa Uingereza wa miaka 14 na 15, zaidi ya 1,000. Hawakumtegemea kijana peke yake ajieleze: tabia yake aliulizwa mzazi, na ukatili wa gemu ulipimwa kwa madaraja rasmi ya umri. Hawakuona uhusiano wowote na uchokozi. Kabla ya hapo, mwaka 2011, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeifuta, kwa kura 7 dhidi ya 2, sheria ya California ya kuwazuia wenye umri chini ya miaka 18 kuuziwa gemu za ukatili. Sehemu kubwa ya hukumu ilihusu uhuru wa kujieleza kwa mujibu wa katiba yao, lakini majaji walisema pia kwamba tafiti walizoletewa hazikuthibitisha kuwa gemu ndizo chanzo. Tena tangu katikati ya miaka ya 1990, vijana waliokamatwa Marekani kwa makosa ya ukatili walipungua sana, miaka ile ile ambayo gemu ziliingia karibu kila nyumba. Japani na Korea Kusini hucheza mno, na ni miongoni mwa nchi zenye mauaji machache zaidi duniani.

Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani chenyewe kilisogea. Mwaka 2015 kilitoa azimio kwamba gemu za ukatili zinahusiana na uchokozi. Mwaka 2020 kililirekebisha, kikaonya kwamba kulitumia azimio hilo kueleza mauaji na uhalifu ni kuvuka mpaka wa sayansi.

Nikiyapima yote hayo, naona pande mbili hazijapingana kama zinavyodhani. Inawezekana kabisa mtoto akatoka kwenye gemu akiwa mkali, akamsukuma mdogo wake na kumtukana kwa Kiingereza alichokisikia humo, na bado asiwe na dalili yoyote ya kuja kuwa jambazi. Ukorofi wa saa moja na uhalifu wa maisha ni mambo mawili. Anayewaambia wazazi wa Nkuhungu kwamba kibanda kinafuga wauaji anawatisha kwa jambo ambalo sayansi haijalionyesha. Anayewaambia hakuna tatizo lolote naye anawadanganya, kwa sababu tafiti karibu zote ninazozitaja ziliwapima watoto wa Marekani, Ulaya na Japani, wengi wao wakicheza nyumbani kwao na mzazi chumba cha pili. Hazikumpima mtoto wa darasa la tatu aliyebanwa kati ya vijana wa miaka ishirini na kitu saa mbili usiku.

Kuna jambo katika jaribio la Bandura ambalo naona tunalipita haraka. Watoto wale, katika jaribio lile la kwanza, hawakuiga katuni. Walimwiga mtu mzima aliye hai, waliyekuwa naye chumba kimoja. Sasa tuangalie mtoto wa Kitanzania anamwona nani akipiga. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika 2009 na kutangazwa 2011, ulikuta karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walikuwa wamepigwa ngumi, mateke, mijeledi au kutishiwa silaha kabla ya kufika miaka 18. Waliotajwa zaidi kuwapiga walikuwa ndugu na walimu. Shuleni kanuni zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, na ni kwa idhini ya mkuu wa shule. Kila mzazi wa Dodoma anajua jinsi hesabu hiyo inavyopotea darasani.

Kwa hiyo ninaposikia mzazi akisema gemu zitamfundisha mwanawe kutatua mambo kwa kupiga, huku kofi alilomtoa nalo kibandani bado linawaka shavuni, nashindwa kuunga mkono hoja yake yote. Simaanishi kwamba ukatili wa nyumbani unausafisha ule wa skrini. Namaanisha kwamba kama kweli tunaogopa mtoto kuiga, basi mfano wenye nguvu zaidi ni wa yule anayempenda, anayemlisha na anayemheshimu. Mkutano wa mtaa unaotumia saa mbili kujadili PlayStation na usiguse fimbo umeacha sehemu kubwa ya ajenda yake.

Madhara ninayoyaona kibandani mimi nayaweka kwingine. Kwanza ni umri. Mtoto wa miaka sita au saba bado hatenganishi vizuri cha kuigiza na cha kweli, na picha ya mtu anayechomwa kisu inaweza kumnyima usingizi hata kama haimfanyi amchome mtu. GTA ina ngono na dawa za kulevya pia, na nashangaa jinsi malalamiko yetu yanavyoishia kwenye bunduki na kuyaruka hayo. Halafu ni fedha. Sarafu ya mchezo ikiisha huanza kutafutwa kwenye mkoba wa mama na kwenye chenji ya dukani, na nauli ya shule nayo hugeuka saa ya gemu, ndipo utoro unapozaliwa. Tena baadhi ya maeneo kibanda cha gemu kimepakana na mashine za kamari, dubwi kama wanavyoziita. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inamzuia aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini mtoto anayesubiri zamu ya padi anatazama sarafu zikimwagika hatua mbili kutoka aliposimama. Ningekuwa na nguvu ya kuondoa kitu kimoja tu mtaani, ningeondoa ujirani huo kabla ya gemu yoyote.

Na ipo hatari ya kushindwa kuacha. Shirika la Afya Duniani liliridhia mwaka 2019 kuuweka ugonjwa wa kutawaliwa na gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, na orodha hiyo ikaanza kutumika Januari 2022. Kipimo chake ni mtu kushindwa kujizuia, kuiweka gemu mbele ya mengine yote na kuendelea hata anapoumia, kwa kawaida kwa muda wa miezi kumi na miwili. Ukatili haumo katika kipimo hicho. Mpira wa kwenye skrini unaweza kumteka mtoto sawasawa na bunduki.

Hapa ndipo Dodoma ina jambo lake. Tangu Serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia huku kwa dhati, mkoa umejaa: watu milioni 2 na ushee katika sensa ya 2012, zaidi ya milioni 3 katika sensa ya 2022. Waliokuja ni pamoja na watumishi waliowaacha bibi, mashangazi na majirani wa miaka mingi Dar es Salaam au Moshi. Baba anaondoka alfajiri kwenda Mtumba, kwenye mji wa Serikali, mama naye yuko wizara nyingine, na mtoto anabaki na dada wa kazi ambaye naye ni binti mdogo. Kule Kisasa na Ilazo mtoto huyu haendi kibandani. Amepewa simu, na ndani ya simu kuna Free Fire, gemu iliyotoka 2017 na inayokubali hata simu za bei nafuu: wachezaji 50 wanashuka kisiwani kwa miavuli na kuuana hadi abaki mmoja, ndani ya dakika kama kumi. Anaweza kuzungumza na wageni asiowajua, na anashawishiwa kununua almasi za gemu kwa fedha halisi.

Mtoto huyo hakuna anayemfikisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Geti limefungwa, hakuna anayemwona. Kibanda cha Chang'ombe kinaonekana, hivyo ndicho kinachosakwa. Naona hapo hapako sawa: mtoto wa mama ntilie anaitwa mhuni kwa kucheza kile kile anachocheza mtoto wa afisa, tena wa kibandani angalau anacheza mbele ya macho ya watu.

Basi vifungwe? Wanaotaka vifungwe wanatoa mfano wa China, ambayo tangu 2021 inawaruhusu walio chini ya miaka 18 kucheza gemu za mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Lakini China inamtambua kila mchezaji kwa kitambulisho chake, na hata hivyo watoto wameripotiwa wakiingia kwa vitambulisho vya watu wazima. Sisi tukivifunga vibanda, padi zitahamia vyumba vya uani, ambako mgambo hafiki na mlango unafungwa kwa ndani. Mwenye kibanda mwaminifu ndiye atakayefunga. Asiye mwaminifu ataendelea.

Ninachokiunga mkono ni masharti machache yanayoweza kukaguliwa na mtendaji wa mtaa bila kuhitaji mtaalamu: hakuna mwenye sare wala mtoto wa umri wa shule saa za masomo, watoto watoke kabla ya giza, mashine za kamari zisiwe karibu, gemu zenye alama ya 18 zisiwashwe mtoto akiwemo. Mwenye kibanda hatafilisika kwa hilo, kwa sababu riziki yake inatoka kwenye mpira. Bodi ya Filamu imezoea kupanga filamu kwa umri, na orodha fupi ya gemu kumi au ishirini zinazochezwa zaidi, ikabandikwa ukutani kwa Kiswahili, ingemsaidia mtendaji huyo kuliko operesheni yoyote ya kukamata padi.

Simu ndiyo ngumu. Simu nyingi za Android zina njia ya mzazi kufunga programu zilizozidi umri wa mtoto, kuzuia ununuzi na kuweka kikomo cha saa, na kazi hiyo haichukui hata robo saa. Inadai tu kwamba nywila isijulikane na mtoto, na kwamba mzazi anayerudi kutoka Mtumba saa moja usiku amechoka awe tayari kusikia kilio cha siku kadhaa za kwanza.